Maziwa Ndani ya Giaboksi

Fundi mkuu Mutua alitoa chupa ya jemu kwenye kabati la chuma, akaifuta kwa kitambaa na kuiweka juu ya meza ya kazi, mbele ya Kanze Ruwa.

"Hiyo ndiyo oili ya giaboksi, madam. Tazama mwenyewe."

Kanze hakuigusa. Aliinama mpaka macho yake yakawa sawa na chupa. Oili ya giaboksi ya gari la otomatiki huwa nyekundu na angavu kama juisi ya rosela. Hii ilikuwa nzito, ya rangi ya waridi, na haikupitisha mwanga hata kidogo. Ungedhani ni maziwa yaliyotiwa rangi kwa sherehe ya watoto.

"Imeingia maji," alisema.

"Ndiyo."

"Maji ya bahari?"

"Ripoti inasema maji ya bahari. Gari liliingizwa baharini kule Shelly Beach. Picha ipo kwenye ukurasa wa shule yao, watu wote wameiona. Halafu waranti yenyewe iliisha Machi, na gari limekufa Mei. Sasa sijui unatafuta nini."

"Nami bado sijui. Ndiyo maana nimekuja."

Kanze alikuwa polisi wa trafiki kwa miaka ishirini na miwili, na kumi na minne ya mwisho kazi yake ilikuwa moja tu: kufika palipotokea ajali, kupima alama za matairi, na kuamua nani anasema kweli. Alipostaafu alikodi chumba hapo hapo Changamwe, karibu na karakana hii, juu ya duka la matairi, akabandika kibao cha mpelelezi mlangoni. Wateja walimletea makontena yaliyopotea njiani, wapangaji waliohama alfajiri, na waume. Giaboksi hakuwahi kuletewa. Hii aliichukua kwa sababu ya Mwanarehema Abdulghani, mwenye shule ya udereva ya wanawake huko Kisauni, ambaye jana yake aliketi mbele yake, akafungua buibui shingoni kwa joto, akasema, "Dada Kanze, giaboksi mpya wanataka laki nne na themanini. Hilo ni zito, lakini Mungu atafungua njia. Linaloniumiza ni mwanafunzi wangu Sabah. Mtaa mzima unasema yeye ndiye aliyeliua gari. Wiki ya pili sasa hatoki nje."

Gari lilikuwa kwenye kona ya karakana, jeupe, herufi L ikiwa bado imebandikwa nyuma. Lilikuwa la kampuni ya Kiyora, lililonunuliwa jipya hapa hapa miaka mitatu iliyopita. Kanze aliomba boneti ifunguliwe. Mutua akaifungua, akajiegemeza ukutani, mikono kifuani.

Kanze alianza kupiga picha kutoka kushoto kwenda kulia, kama alivyokuwa akifanya barabarani. Betri ilikuwa na vumbi la njano. Nyaya zilikuwa na vumbi. Bolti zilikuwa zimeanza kuliwa na chumvi ya hewa, kama bolti zote za gari lolote la Pwani. Kisha akasimama. Chupa ya plastiki ya maji ya rejeta ilikuwa nyeupe, safi kama sahani ya mgeni.

"Nani ameiosha chupa hii?"

"Hakuna aliyeiosha."

Kanze alipiga picha mbili nyingine. Alikuwa na tabia ya kuuliza swali, kulitua kidogo, kisha kuliuliza tena.

"Chupa hii ameiosha nani, fundi?"

"Nimekwambia madam, hakuna."

Akamwamini, na hilo lilimsumbua zaidi. Mtu akifuta ushahidi huacha alama za kufuta. Hapa hapakuwa na mkwaruzo wala sabuni iliyokauka kwenye pembe. Akashuka chini kidogo, akaitazama rejeta yenyewe. Mapezi yake yalikuwa yamenyooka, yanang'aa. Alipiga magoti, akawasha tochi ya simu, na chini kabisa, upande wa ndani, akakuta kibandiko chenye nembo ya Kiyora, namba ndefu, na mwezi wa kutengenezwa: Novemba, mwaka jana.

Gari la miaka mitatu, rejeta isiyotimiza hata mwaka.

"Rejeta hii ilibadilishwa lini?"

Mutua alitazama sakafu. "Labda mtaani. Mafundi wa Kisauni hubadilisha vitu."

"Na kibandiko cha kampuni yenu?"

"Vitu bandia vimejaa, madam."

Kanze aliandika namba ile kwenye daftari, akaisoma kwa sauti ili asiikosee. Kisha akaomba nusu ya oili ya ile chupa ya jemu. Mutua akammiminia kwenye chupa ndogo bila ubishi. Kanze akabandika karatasi juu yake, akaandika tarehe, na kumpa kalamu.

"Tia sahihi, kwamba imetoka kwenye gari hili."

Mutua alitia sahihi polepole. Alipomrudishia kalamu hakumtazama usoni. "Mwenye gari ni mama muungwana," alisema. "Mimi nasikitika."

"Unasikitikia nini?"

Fundi alikwisha kugeuka kuelekea kwenye lori lililokuwa limeinuliwa upande wa pili.

*

Shule ya Mwanarehema ilikuwa chumba kimoja kando ya barabara ya Malindi. Katikati palikuwa na meza kubwa iliyochorwa barabara, mizunguko na makutano, na juu yake vigari vya watoto vya kufundishia. Sabah, aliyekubali kutoka kwa sababu Mwanarehema alimfuata mwenyewe, alikuwa ameketi pembeni, mtandio umeshuka mpaka kwenye nyusi. Alikuwa mwanamke wa miaka kama ishirini na saba. Hoteli moja karibu na uwanja wa ndege, upande wa Port Reitz, ilikuwa imemwahidi kazi ya kuendesha gari la wageni, lakini alitakiwa kupeleka leseni kabla mwezi haujaisha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nieleze ile siku ya Shelly Beach. Usinifiche jambo, hata kama ni la kukuumiza."

"Mwanafunzi mwenzangu Jalila alikuwa amepita mtihani. Tulikwenda watano kusherehekea, na Mwalimu alikuwamo. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani. Nililishusha gari mpaka kwenye mchanga mgumu. Wimbi likaja, likagusa magurudumu, Jalila akapiga picha. Nikalirudisha nyuma."

"Maji yalifika wapi?"

Sabah aliinama, akagusa kifundo cha mguu wake mwenyewe.

"Injini ilizimika?"

"Haikuzimika. Na siku ile lilipokufa, nilikuwa napanda kidogo tu pale karibu na daraja. Injini ikanguruma, gari likakataa kwenda. Sikufanya chochote, wallahi. Sikufanya chochote."

"Sijasema ulifanya."

"Wao wamesema."

Mwanarehema alitaka kuingilia, lakini Kanze alimwashiria asubiri. "Bi Mwanarehema, gari hili limewahi kuguswa na fundi wa mtaani?"

"Abadan! Tangu nilinunue huduma zote ni kwa Kiyora wenyewe, kila muhuri umo kitabuni. Mara ya mwisho ni Januari. Walilikalia siku mbili, nikaambiwa, 'Mama, kila kitu sawa, nenda zako.'"

"Huduma ya kawaida hukaa siku mbili?"

"La," Mwanarehema alisema. "Nyingine zote ni za saa tatu au nne."

Kanze alifunga daftari. Kabla ya kuiamini rejeta ilimbidi kwanza aimalize bahari. Mchana ule akavuka feri kwenda Likoni, uliko ufuo wa Shelly Beach, akiwa na ile picha kwenye simu na chupa tupu mkobani.

Mlinzi wa hoteli iliyopakana na ufuo alikuwa mzee wa Kidigo aliyeitwa Suleiman. Hakuhitaji kuitazama picha sana.

"Gari dogo, wanawake ndani? Nalikumbuka. Lilikwama pale, maji mpaka milangoni. Tulilisukuma watu saba."

Kanze alihisi kesi ikimteleza mkononi. Akatazama maji, kisha akauliza tena.

"Lilikwama gari gani, mzee wangu?"

"La kijivu. La wageni wa bara, waliokuja kwa Pasaka. Hili jeupe la herufi L lilikuwapo pia, lakini hili halikukwama. Wao ndio waliotuazima kamba. Yule binti aliyekuwa akiendesha," akamgusa Sabah kwenye picha kwa ukucha, "alilirudisha nyuma taratibu vile, hata nikamwambia mwenzangu, huyo anajua."

Kanze alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Akamwomba mzee aseme maneno hayo tena mbele ya simu iliyokuwa ikirekodi, akajaza chupa yake maji ya bahari, na kurudi.

*

Asubuhi iliyofuata, kwenye baraza la Mwanarehema, Kanze aliomba jiko la makaa na vikopo viwili vitupu vya bati. Chupa ya ile oili ya waridi alikuwa ameiweka ndani ya maji ya moto tangu alfajiri, na sasa oili ilikuwa imejitenga: juu oili, chini maji machafu. Aliyavuta yale maji ya chini kwa bomba la sindano alilonunua duka la dawa, akayatia kwenye kikopo kimoja. Kwenye kingine akatia maji ya Shelly Beach. Akaviweka vyote juu ya makaa.

"Kaeni upande unakotoka upepo," aliwaambia. "Kama ninavyodhani ni kweli, moshi wa hiki ni sumu."

Mwanarehema na Sabah wakakaa kwenye ngazi. Kikopo cha bahari kilikauka kwanza. Kilipopoa Kanze alikiinamisha, na ndani palikuwa na utando mweupe. Alipoukwangua kwa kijiko ukatoka kama unga.

"Chumvi," Sabah alisema.

"Chumvi. Sasa hiki kingine."

Cha pili kilikataa kukauka. Maji yalipungua, yakapungua, mwisho kikabaki kitu cha kijani, kizito kama shira ya kaimati, kinachonata kwenye kijiti. Chumvi haikuwamo hata chembe. Kanze aliwaonya wasikiguse.

"Bahari haina kitu hiki," alisema. "Hii ni ile dawa ya kijani inayotiwa kwenye maji ya rejeta. Ndani ya rejeta ya gari kama lenu mna njia ndogo ambamo oili ya giaboksi hupita ili ipozwe. Ukuta wa njia ile ukitoboka, maji ya rejeta yanaingia kwenye oili. Nje huoni tone."

"Lakini rejeta umesema ni mpya," Mwanarehema alisema.

"Ni mpya, na ni nzima. Iliyotoboka ni ile ya zamani. Kuna mtu aliyeiona imetoboka, akaitoa, akaweka mpya na chupa mpya. Oili iliyokwisha kuharibika akaiacha ndani, iendelee kula giaboksi taratibu. Sasa nataka kujua ilianza lini. Kadi zenu za masomo ziko wapi?"

Kila mwanafunzi alikuwa na kadi. Kila somo Mwanarehema aliandika tarehe, kilomita za kuanzia na kumalizia, na maoni machache. Walizitandaza zote mezani, juu ya barabara zilizochorwa, wakazipanga kwa tarehe. Mpaka Januari maoni yalikuwa ya wanafunzi: hatazami kioo, anaogopa lori, amesahau taa. Tarehe mbili Februari, kwenye kadi ya Jalila, yakaanza kuwa ya gari: *linasita kidogo likiondoka*. Tarehe tisa, kadi nyingine: *linatetemeka, si kosa la mwanafunzi*. Picha ya Shelly Beach ilipigwa Aprili.

"Bahari imeshtakiwa kwa kosa la Februari," Kanze alisema.

Sabah alikuwa ameshika kadi yake mwenyewe. Mtandio ulikuwa umerudi nyuma, na kwa mara ya kwanza Kanze aliuona uso wake wote. "Mwalimu," alisema taratibu, "siku ile ya kutetemeka si uliwaandikia? Nilikuwa nimekaa nawe garini. Uliandika kwenye simu."

Mwanarehema alipiga paji la uso. Akatafuta simu, akavaa miwani, akapekua mazungumzo ya WhatsApp na mapokezi ya karakana mpaka akayafikia. Tarehe kumi na moja Februari: *Gari linatetemeka likianza kuondoka, naomba mlitazame.* Na jibu, dakika nne baadaye: *Mwambie mwanafunzi akanyage mafuta taratibu mama.*

"Waranti iliisha lini?" Kanze aliuliza, ingawa alijua.

"Tarehe kumi na nne Machi."

"Basi uliwaambia mwezi mzima kabla. Jiandae, kesho twende."

*

Purity Kiponda alikuwa msimamizi wa malalamiko ya wateja wa Kiyora kwa Pwani yote. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya juu ya karakana ile ile, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kusema hapana kwa adabu. Alimkaribisha Mwanarehema kwa shikamoo, akamwagizia chai, akafungua faili.

"Mama, nimesoma ombi lako. Waranti ilikuwa ya miaka mitatu, na imekwisha. Ripoti ya karakana inasema gari liliingia baharini. Mikono yangu imefungwa."

"Naomba fundi Mutua aitwe," Kanze alisema. "Hatutachukua muda."

Mutua alikuja na kitambaa chake mkononi. Hakukaa. Kanze alipanga vitu vyake juu ya meza kimoja kimoja: kikopo cha chumvi, kikopo cha kijani, kadi mbili za Februari, sauti ya mlinzi, ujumbe wa simu. Kila kimoja alikieleza kwa sentensi mbili tatu, bila kupandisha sauti. Purity aliacha kuandika Kanze alipofika kwenye ujumbe wa simu. Aliuomba ausome mwenyewe, akausoma mara mbili.

"Bado kuna swali moja," Kanze alisema, "na jibu lake liko kwenye kompyuta yako." Akamsomea namba ya kibandiko cha rejeta.

Vidole vya Purity vilikimbia kwenye vibonye, kisha vikatulia.

"Ni rejeta yetu halisi," alisema. "Ilitolewa ghala kuu tarehe kumi na saba Januari, pamoja na chupa yake. Ililetwa hapa Changamwe." Akasogeza uso karibu na skrini. "Imelipiwa na Kiyora chini ya waranti. Namba ya gari ni ya Bi Mwanarehema. Sababu iliyoandikwa…" Akageuza skrini ili wote waone. "Kutoboka kwa ndani."

Chini, mtu alikuwa akigonga chuma.

"Fundi," Kanze alisema, "juzi nilikuuliza kama ni maji ya bahari. Hukusema ndiyo. Ulisema ripoti inasema. Mtu aliyeshika spana miaka mingi kama wewe hujibu kwa macho yake, hajibu kwa ripoti."

Mutua alikunja kitambaa, akakikunja tena.

"Rejeta ikitoboka kwa ndani waraka wa kampuni unataka nini?" Purity alimuuliza.

"Oili ya giaboksi imwagwe yote. Isafishwe mara tatu, itiwe mpya."

"Ulifanya hivyo?"

"Oili ilikuwa imeisha stoo." Sauti yake ilikuwa ndogo kwa mtu mkubwa kama yeye. "Niliambiwa itafika baada ya wiki mbili. Mama alikuwa analihitaji gari, ana wanafunzi. Nikaandika karatasi mapokezi, aitwe oili ikifika. Msichana wa mapokezi akahama, akaja mwingine. Kazi zikawa nyingi, nikasahau. Siku gari lilipokuja juu ya brekidauni, nilipofungua na kuona ile rangi, nikakumbuka papo hapo. Meneja alikuwa ameshaiona picha ya bahari, akaandika ripoti. Mimi sikusema la." Akamgeukia Mwanarehema. "Nisamehe, mama. Kila siku nikipita karibu na lile gari nilikuwa nazunguka upande wa pili."

"Umelisema sasa," Mwanarehema alimjibu. "Kaa kitako, mwanangu. Umesimama kama uko kortini."

Mutua akakaa.

Purity alifunga faili na kulisukuma kando. "Nitasema ukweli. Kulipa kama waranti siwezi, tarehe imepita. Lakini kampuni ina nafasi ya kuchangia baada ya waranti, pale kosa lilipoanza mapema na mteja amehudumia gari kwetu. Naweza kuomba nusu."

Kanze alikuwa tayari kujibu, lakini Mwanarehema alimgusa mkono. Jambo hili alikuwa amelifikiria usiku kucha.

"Nusu nyingine nani? Mimi peke yangu? Sikiza, mwanangu. Rejeta dhaifu mliitengeneza nyinyi. Oili mbovu iliachwa na karakana. Mimi nimelitumia gari miaka mitatu, wanawake arubaini wamepata leseni ndani yake. Sitaki giaboksi mpya ya bure kama maskini wa mlangoni. Tuigawe mafungu matano. Matatu kampuni, moja karakana, moja mimi. Na kazi ya kuifunga, pamoja na oili, ni ya karakana. Safari hii oili iwepo."

Purity aliinama kuficha tabasamu. Akatoka na simu. Kupitia kioo walimwona akitembea ukumbini, akitikisa kichwa, akisimama, akihesabu kitu kwa vidole. Chai ilipoa. Mutua aliitazama simu ya Kanze, akaomba kusikia tena yale maneno ya mlinzi kuhusu yule binti.

Purity aliporudi alibaki amesimama. "Nairobi wamekubali mafungu matatu. Meneja wa hapa amekubali la kwake, na kazi, na oili. Amekubali kwa shida, lakini amekubali."

"Alhamdulillahi," Mwanarehema alisema. "Sasa na barua."

"Barua gani, mama?"

"Barua ya kampuni, yenye muhuri, kwamba gari halikuharibiwa na dereva. Jina la Sabah liandikwe kamili. Bila hiyo, giaboksi yenu bakini nayo."

Purity alimtazama Kanze, kana kwamba anauliza kama jambo hili liliwahi kutokea. Kanze akainua mabega. Purity akakaa, akavuta kompyuta, akaanza kuandika. Alipofika kwenye jina, Mwanarehema alimsomea herufi moja moja.

*

Gari lilikuwa tayari baada ya siku kumi na moja. Kanze hakuwa na sababu ya kuwapo, ujira wake alikwisha kulipwa, lakini ofisi yake ilikuwa karibu, na alishuka kwa miguu akiwa bado na kiazi karai mkononi. Aliwakuta Mwanarehema na Sabah langoni. Barua ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa shule tangu juma lililopita. Sabah alisema mama mkwe wake alikwenda kuisoma mwenyewe, akarudi nyumbani akapika biriani siku isiyokuwa ya Ijumaa wala ya wageni, na hakutoa sababu.

Mutua alilileta gari mpaka kivulini, akateremka. Alikuwa ameliosha ndani na nje, hata herufi L aliipaka upya kwa rangi nyekundu. Alimpa Mwanarehema ufunguo kwa mikono miwili. Mwanarehema hakuuweka mkobani. Alimgeukia Sabah akampa, kisha yeye akafungua mlango wa nyuma na kuingia, akapanga buibui lake kitini.

"Mwalimu, wewe ndiye unayekaa mbele," Sabah alisema.

"Mtihani wako ni kesho kutwa. Huko mbele atakaa mtu usiyemjua, amenuna. Jizoeze."

Mutua alikuna kisogo. "Kama mtaniruhusu," alisema, "ningependa nikae mimi. Niisikie giaboksi ikipanda. Nimeifunga kwa mikono yangu."

Akaingia mbele upande wa abiria, akainama, sikio karibu na dashibodi, tayari kusikiliza. Sabah alirekebisha kiti. Alitazama kioo cha katikati, cha kulia, cha kushoto. Aliwasha injini, akaweka mkono juu ya gia, kisha akausimamisha hapo na kumgeukia yule mtu mkubwa aliyekuwa amejikunja pembeni mwake.

"Funga mkanda, fundi."

Mutua akafunga. Gari likaondoka bila kusita, likapita lango, likasubiri lori la kontena lipite, na kuingia barabarani.